Mzee Kalisti Ndabatinya, Mwenye Biesei ya Mwandiga (1938–2018)

Baba Paroko, wazee wa ukoo, majirani wa Mwandiga, ndugu mliotoka Kalinzi na Ujiji, na ninyi mliovuka mpaka jana ili muwahi mazishi haya: poleni kwa msiba, na poleni kwa jua. Familia imeniomba mimi, Devota, muuza dagaa wa Katonga, niwasomee habari za maisha ya mzee wetu. Mkiona karatasi inatetemeka msidhani ni upepo. Marehemu alikuwa mtu wa wasiwasi kuliko wote niliowahi kuwajua, na sisi aliotulea ametuachia sehemu yake.

Mzee Kalisti Ndabatinya alizaliwa tarehe 12 Mei 1938 katika kijiji cha Kalinzi, mtoto wa tatu wa Mzee Ruhoro na Bibi Agnesi, wakulima wa kahawa na maharage. Ndabatinya kwa Kiha ni kusema "nawaogopa". Jina hilo alipewa na bibi yake kwa sababu ya majirani fulani ambao leo hatutawataja, maana wajukuu zao wako hapa na wamekuja na mchele. Alibatizwa mwaka huo huo. Wadogo zake wanasimulia kwamba akitumwa kufunga mbuzi alifunga, akaenda zake, akarudi kuangalia kama kamba imekaza, na mara nyingi alimkuta mbuzi ametoka kwa sababu fundo alikuwa amelifungua mwenyewe akilikagua.

Alianza shule ya misheni mwaka 1947 na kuishia darasa la sita. Hesabu alizijua vizuri, lakini kwenye mtihani alikuwa akisoma swali, akajibu, akarudi kulisoma tena asije akawa amekosea, kengele ikamkuta bado yuko ukurasa wa kwanza. Mwalimu wake alimwambia baba yake, "Huyu mtoto ana akili, ila anaziogopa." Mwaka 1954 aliteremka Ujiji kukaa kwa mjomba wake, na huko akapokelewa katika gereji ya Fundi Songoro, Mmanyema mcha Mungu aliyekuwa akifunga kazi kila adhana inapolia na kumwachia kijana huyu Mkristo alinde vifaa. Kwa mlinzi mwenye wasiwasi kama wake, Fundi Songoro alisema, hata sindano haikupotea.

Hapo ndipo alipokutana na Biesei. Nisipoieleza hiyo nitakuwa nimesoma nusu ya maisha yake, kwa hiyo mnivumilie.

Ile pikipiki iliyoegeshwa pale chini ya turubai (watoto, tafadhali shukeni) ni BSA aina ya M20, ya silinda moja, iliyotengenezwa wakati wa Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya jeshi la Waingereza. Herufi hizo tatu ni za kiwanda cha mji wa Birmingham huko Uingereza. Kiwanda chenyewe hakikuanza na pikipiki. Mwaka 1861 mafundi wa bunduki wa mji ule waliungana ili waiuzie serikali silaha. Vita vikipoa walikosa kazi, ndipo baadaye wakageukia baiskeli, na mwaka 1910 wakatoa pikipiki yao ya kwanza. Alama yao waliibakiza ile ile ya mwanzo: bunduki tatu zilizosimamishwa zikaegemeana. Mzee alimsimulia habari hii kila mteja, atake asitake, na alimalizia kwa kusema, "Hawa watu walichoka kuua wakaamua kutusafirisha." Fundi Songoro alimkatalia. Alisema hawakuchoka, bali waliishiwa wateja.

Hii ya kwetu ilipomaliza vita iliuzwa kwa idara ya barabara, kisha ikanunuliwa na padre mmoja aliyekuwa akizungukia vigango vya milimani. Mwaka 1963 padre alipata gari, na Biesei akamwachia Kalisti, ambaye alikuwa ameitengeneza miaka mingi hata mtu mwingine akiigusa alikuwa akijisikia vibaya. Wazee wa Ujiji mliopo mnakumbuka heshima yake. Pikipiki nyingine zilikuwepo, nyepesi, zenye kelele nyembamba. Biesei ilikuwa na mlio wa kutua, du, du, du, kila mlio unausikia peke yake, na watu walisema ni pikipiki inayoongea kama mtu mzima. Bwana harusi aliyekwenda studio kupiga picha bila kuegemea Biesei ya Kalisti alijitakia maneno kutoka kwa mashangazi wa bibi harusi. Ziko nyumba Ujiji ambako picha ya babu na Biesei inaning'inia ukutani hadi leo, na babu mwenyewe hakuwahi kuiendesha hata kuvuka barabara.

Mwenye mali alipata raha kidogo sana. Kila safari alisimama Mwandiga kuangalia kama nati zote zipo, akasimama tena njiani, na akifika Ujiji alinusa kifuniko cha tangi kabla hajamsalimia mtu.

Tarehe 24 Septemba 1966 alifunga ndoa na Bi Yunisi wa Bitale, ambaye tunampa pole leo. Bibi harusi alitolewa kanisani kwa Biesei, amekaa upande, akiwa ameshika maua kwa mkono mmoja na mumewe kwa mwingine. Kufika nyumbani alikuwa na kiatu kimoja. Bwana harusi, badala ya kuingia ukumbini, aligeuza pikipiki akaenda kukitafuta kiatu, na wageni wakala chakula bila yeye. Mama Yunisi anasema siku hiyo ndipo alipojua ameolewa na mtu wa namna gani, na kwamba hakujuta, ingawa kiatu hakikuonekana. Mungu aliwajalia watoto wanne: Martini, Marcelina, Pastory na Leonardi.

Mwaka 1972, wakimbizi kutoka Burundi walipovuka kwa wingi, Mzee aliwabeba wagonjwa na wajawazito kutoka vijiji vya mpakani hadi zahanati. Miaka hiyo hiyo kiwanda cha Birmingham kilikuwa kinaanguka, na haukupita muda kikafa. Muuza vipuri wa mjini ndiye aliyempa habari, akamwambia asiagize tena kitu. Mzee alirudi nyumbani akakaa bila kula. Tangu hapo alichonga vipuri mwenyewe, na gereji aliyokuwa ameifungua Mwandiga ikawa mahali ambapo kitu kilichokufa kiwandani kiliendelea kuishi kwa mpira wa tairi, waya na wasiwasi.

Sasa nafika pale ambapo baadhi yenu mlikuwa mnaomba nipite haraka. Marehemu mwenyewe aliagiza jambo hilo lisomwe, na lisomwe wazi.

Tarehe 18 Novemba 1996 asubuhi, alikuwa akirudi kutoka Manyovu alikompeleka muuguzi. Mnakumbuka mwaka ule ulivyokuwa. Warundi walikuwa wanashuka milimani, Wakongo wanavuka ziwa kwa mitumbwi, na Kigoma nzima ilikuwa imejaa watu waliobeba magodoro. Ukungu ulikuwa bado umelala. Kwenye mteremko wa kutoka Kalinzi alifunga mafuta ili ashuke polepole. Biesei ina wenzo mdogo kwenye usukani wa kupangia cheche iwahi au ichelewe, nao ulikuwa umelegea ukarudi nyuma bila yeye kuona. Ekzosi ikapiga mshindo, paa! Kisha mwingine.

Nyuma ya kona walikuwa wamekaa watu pande zote mbili za barabara, wanapumzika. Walikuwa wametembea kutoka kwenye risasi, na sasa wakasikia risasi zimewafuata mpaka Tanzania. Kufumba na kufumbua barabara ilikuwa tupu. Vilibaki masufuria, mikeka, kandambili, na kahawa ya watu ikitikisika kule walikopenya.

Mzee aliruka chini akaanza kupiga kelele kwa Kiha, "Ni pikipiki! Ni pikipiki tu! Rudini, ndugu zangu!" Kila alivyozidi kupiga kelele ndivyo walivyozidi kwenda mbali. Na nani angemwamini, mwanamume anapiga kelele kwenye ukungu, mbele yake tangi lenye bunduki tatu?

Mtu mmoja tu hakukimbia. Alikuwa mtoto wa kike wa kama miaka mitatu. Alitoka kwenye majani akaja moja kwa moja kwenye pikipiki, mikono juu kama mtoto anayetaka kubebwa, akasema, "Dawe." Hilo kwa Kirundi ni "baba". Mzee alidhani mtoto amefundishwa adabu ya kuwaita wanaume wote baba. Akambeba. Mtoto huyo ndiye anayewasomea.

Alingoja pale mpaka jua likawa kali. Wengine walirudi kuchukua vitu vyao, wakimtazama kwa mbali. Mama wa mtoto hakurudi. Mzee aliacha habari kwa kila aliyemwona, akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji akaandikisha, kisha akamweka mtoto juu ya tangi akamleta Mwandiga. Kumbe mama alirudi barabarani jioni. Alikuta sufuria lake na hakukuta mwanawe. Watu wakamwambia amechukuliwa na mtu wa pikipiki yenye bunduki, na malori ya kupeleka wakimbizi kambini yalikuwa yameshafika, akapakiwa kabla hajamwona mwenyekiti.

Mama Yunisi alimpokea mtoto, akamwogesha, akampa uji. Kisha akamgeukia mumewe.

"Baba Martini, huyo mama atarudi."

"Akirudi si ndiyo heri?"

"Sisemi kurudi hapa. Atarudi Burundi. Atasema mwanangu nilimwangusha njiani, atapanda mlima kumtafuta, na huko watamuua."

Maneno hayo yalimwingia Mzee asiyatoe tena. Kuanzia siku ile kila lori lililopita kuelekea mpakani alilitazama lina nani. Redio ikitaja mapigano upande wa Makamba aliizima, halafu akaiwasha tena. Alikuwa na hofu ya kuchelewa. Na miezi ilivyopita akapata hofu ya pili, ambayo alimwambia Mama Yunisi peke yake: mtoto alikuwa ameanza kulala amemshika sikio, na yeye akaanza kuogopa kumpata huyo mama.

Pamoja na hayo alitafuta. Alikwenda Kasulu, alikwenda kambi moja baada ya nyingine, na mtoto juu ya tangi. Alama ya bunduki aliifunika kwa plasta ya vidonda; mvua ikinyesha inabanduka, naye anasimama kubandika nyingine. Na hapa, ndugu zangu, naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu hapa aliteseka bure. Kila alipokaribia kambi alizima injini mbali kabisa, akashuka, akaisukuma Biesei kwa mikono. Ninyi mnaoiona pale mnajua uzito wake. Aliisukuma kwenye matope na kwenye mlima, jasho linamtoka, ili asimshtue mtu yeyote tena. Akiingia anauliza kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeingia nyumba yenye mgonjwa, "Jamani, kuna mama hapa aliyepoteza mtoto?"

Wanakuja kumi. Wanakuja ishirini. Wanamtazama mtoto, wanatikisa kichwa, wengine wanaanza kulia. Hakuwahi kumwambia mtu hata mmoja jinsi mtoto alivyopotea. Aliona haya.

Mei 1997 alirudi kutoka safari mojawapo ya hizo akiwa amesikia kwamba kuna watu wanajiandaa kurudi Burundi kwa miguu, wakiwemo wanawake. Alikaa mlangoni na buti zenye matope. Mama Yunisi akamuuliza, "Unapofika huko unauliza nini?"

"Nauliza mama aliyepoteza mtoto."

"Baba Martini, wote wamepoteza watoto! Huyo mama hajui jina lako wala sura yako. Anachokijua ni mshindo. Na wewe mshindo ndio unauficha."

"Unataka niwatishe tena?"

"Waambie kwanza. Halafu uupige."

Nimesikia habari za watu waliofanya mambo makubwa wakiwa na ushujaa. Baba alifanya yake akiwa anaharisha kwa hofu, na Mama Yunisi ni shahidi. Tarehe 22 Mei alifika nami kambi ya Mtabila. Alimwona kiongozi wa wakimbizi wa eneo hilo, Mzee Elikana, na kwa mara ya kwanza akasema yote: mteremko, mshindo, watu kukimbia, mtoto. Mzee Elikana akasema, "Kumbe ni wewe." Yeye mwenyewe alikuwa kwenye barabara ile. Alikuwa amevunjika kidole cha mguu akikimbia kwenye shamba la kahawa.

Mzee Elikana alichukua kipaza sauti akapita kati ya nyumba za turubai akitangaza kwamba itawashwa pikipiki, ni pikipiki, italia vibaya, mtu asikimbie, wenye watoto wawashike. Watu wakajikusanya kwa mbali. Mzee wetu akapiga kiki. Biesei ikakaa kimya. Akapiga tena, na tena, ikakohoa ikanyamaza. Askari wa kambi walikuwa wameanza kusogea kuuliza kuna nini. Kijana mmoja akasema kwa sauti, "Mzee, hiyo ya kutisha ndiyo hiyo?" Watu wakacheka, na Baba aliwahi kuniambia kwamba kile kicheko kilimtia nguvu. Akachomoa plagi, akaipangusa kwa shati, akairudisha. Ikawaka. Du, du, du. Akaiacha iongee. Kisha akavuta wenzo nyuma kwa makusudi, akafungua mafuta, akafunga ghafla.

Paa!

Pamoja na kuonywa, watu walikimbia. Kina mama walilala juu ya watoto. Baba alitaka kuzima, lakini aliiacha, akapiga tena, huku machozi yanamtoka. Na katikati ya watu waliokuwa wanakimbia kwenda mbali, mwanamke mmoja alikuwa anakimbia kuja. Alitoka upande wa bombani, mtoto mchanga mgongoni, sufuria mkononi. Alikuja mpaka kwenye pikipiki akaanza kulipiga tangi kwa lile sufuria, akampiga na Mzee begani, akipaza sauti, "Umwana wanje ari he? Mwanangu yuko wapi? Mmempeleka wapi?" Mzee hakujikinga. Pale pembeni ya tangi mtaona pamebonyea. Hakuwahi kupanyoosha, na sasa mnajua sababu.

Mwanamke huyo ni Leonia, mama yangu mzazi. Alikuwa amefunga mzigo. Alikuwa aondoke kesho yake kurudi kunitafuta.

Laiti ningeweza kuwaambia kwamba nilimkimbilia. Miezi sita kwa mtoto mdogo ni mingi. Nilijificha nyuma ya mguu wa Baba nikashika suruali yake kwa mikono yote miwili. Mama alishusha sufuria akapiga magoti, akanyoosha mikono, mimi nikazidi kushika. Wote pale walikuwa wanamtazama Baba atafanya nini. Aliinama, akanibandua vidole kimoja kimoja, nikilia, akanisogeza mbele, akanikabidhi. Aliniambia nikiwa mtu mzima kwamba katika maisha yake yote hakuna nati iliyomshinda kufungua kama vile vidole.

Walipotulia, Mzee akamuuliza mama jambo lililokuwa limemkaa moyoni. "Watu wote walikimbia siku ile. Huyu mtoto aliwezaje kuja kwangu?"

Mama akamweleza. Mume wake alikuwa katekista upande wa Mabanda, na parokia ilikuwa imempa pikipiki ya zamani ya kuzungukia vigango, nayo ilikuwa kama hii, mlio huu huu. Kila jioni mtoto akiusikia alikimbia kwenda njiani kupakiwa juu ya tangi.

"Alidhani ni baba yake amekuja," mama alisema. "Mimi nilijua baba yake amekufa. Ndiyo maana nilikimbia."

Mzee alirudi Mwandiga peke yake. Mama Yunisi, aliyesikia mlio kutoka mbali kama siku zote, aliweka maji ya kuoga ya watu wawili, akatoka nje akaona tangi tupu. Alirudi ndani akapunguza maji.

Baada ya hapo, kila Mzee alipopata kibali, alikuja kambini na dagaa wa Katonga kwenye gunia, akitanguliwa na kipaza sauti cha Mzee Elikana, na watoto wakawa ndio wa kwanza kuipokea Biesei. Mama alinitoa kwake nikajifunze ushonaji Mwandiga, na mwaka 2011 niliolewa Katonga na Yona, wa familia ya wavuvi waliotoka Kongo zamani. Kambi ilipofungwa mwaka 2012, mama na mdogo wangu Elida, yule aliyekuwa mgongoni, walirudi Makamba. Mzee aliwasindikiza hadi Manyovu akiwauliza kama wamebeba maji, chumvi, dawa na kiberiti, hadi dereva wa lori akamwomba ashuke.

Mwaka 2014 alifika gerejini mgeni mmoja kutoka Ulaya, aliyekuwa katika chama cha watu wanaozipenda BSA. Aliizunguka pikipiki akiipapasa kama mtu aliyemkuta ndugu aliyepotea, akasema kwao zimebaki chache na watu wanazitunza kuliko magari. Mzee alifurahi sana, akauliza huwa wanakwenda nazo wapi. Mgeni akasema Jumapili wanatoka kwa pamoja, wanakwenda kunywa chai, wanarudi. Mzee alisubiri habari iendelee. Ilipoishia hapo akauliza, "Bila kumbeba mtu?" Mgeni alicheka, lakini Mzee hakuwa anatania.

Mwezi Machi 2016 alipata kiharusi kilichomlegeza upande wa kulia. Hakuweza tena kupiga kiki. Pastory alikuwa akimwashia kila Jumamosi naye anakaa kwenye kiti, anasikiliza, anatikisa mkono ulio mzima akionyesha cheche iwahishwe. Ugonjwa ulipozidi akawa anaamka akiuliza kama watu wamerudi kutoka kwenye shamba la kahawa. Tulimjibu wamerudi. Akauliza wote? Tukasema wote, ingawa hilo hakuna kati yetu anayelijua. Alipokea sakramenti ya wagonjwa tarehe 7 Agosti 2018, na tarehe 9, saa kumi na moja alasiri, alifariki dunia hospitalini Kigoma, Mama Yunisi akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka themanini.

Nilipoandika wasifu huu juzi nilifika mahali pa kutaja watoto wa marehemu nikaandika wanne, kwa sababu ndio aliowazaa. Jina langu niliogopa. Ukoo una wazee wake, kaburi lina taratibu zake, na mimi sikutaka mtu anyanyue kichwa mbele ya jeneza kuuliza huyu ni mtoto wa nani. Nikamwuliza kaka yangu Martini nijiweke wapi. Akasema, "Muulize aliyekuzaa, anafika kesho."

Mama Leonia alifika jana mchana kwa njia ya Manyovu. Nilimsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Baba yako tulimwacha uani. Tulikimbia, hatukumfukia hata kwa majani. Huyo hukumzika. Huyu umepewa nafasi, mzike kama mtoto anavyomzika baba yake, umalize na yule."

Marehemu ameacha mjane, Mama Yunisi. Dada yake, Bibi Marsiana wa Kalinzi. Mama Leonia na Elida waliotoka Makamba. Wajukuu kumi na wanne na kitukuu mmoja. Na watoto watano: Martini, Marcelina, Pastory, Leonardi na Devota.

Mungu ampokee mzee wetu, ampumzishe mahali asipoogopa mtu yeyote, na asipoogopwa na yeyote. Amina.